Kutu Haianzi Popote Tu

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wachoraji wa pikseli, yaani picha za kompyuta zinazojengwa kwa vijiraba vidogo, kimoja kimoja. Nimeiandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Wasanii wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, maana aibu za wengine sina ruhusa ya kuzisimulia.

Kitu kikuukuu cha kwanza nilichowahi kuchora kilikuwa ndoo. Ndoo ya chuma iliyopakwa rangi, pikseli 32 kwa 32, ya kukaa kando ya kisima katika mchezo uliokuwa ukitengenezwa na rafiki yangu. Kwanza niliichora ikiwa mpya, ikang'aa, nikaipenda. Kisha nikachukua rangi ya kutu nikaanza kunyunyiza: doa hapa, doa pale, doa kule, nikihakikisha hakuna upande unaoonewa. Haki sawa kwa kila pembe ya ndoo! Nikaongeza nukta nyeusi. Nikaongeza nukta za kahawia. Nikaongeza na nyeupe kidogo, ili kuchangamsha. Nilipomaliza nilikuwa nimetumia rangi 40 na ushei. Nikampelekea rafiki yangu. Akaitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hii ndoo imepata surua?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka.

Nilikwenda nikatafuta ndoo ya kweli, kuukuu, nikaketi mbele yake na daftari. Niliona nini? Kutu ilikuwa imeshika kwenye masikio, pale mpini unapoingia, kwa sababu chuma kilisagana na chuma mpaka rangi ikatoka. Ilikuwa imeshika kwenye mshono, ambako maji yanajificha. Na ilikuwa imetafuna ukingo wa chini, ule unaokaa kwenye majimaji kila ndoo inapotuliwa. Na tumbo la ndoo je, ile sehemu kubwa kuliko zote, ile niliyoijaza surua? Safi. Imepauka, ina mikwaruzo miwili mitatu, basi.

Ndugu zangu, uchakavu una sababu, na kila sababu ina mahali pake. Chuma hakipati kutu kwa kuzeeka. Narudia: chuma hakipati kutu kwa kuzeeka. Kinapata kutu kwa kukutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Kiweke mahali pakavu miaka mingi, utakikuta kizima. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya kutu, jiulize maswali matatu: maji yaliingilia wapi, yalituama wapi, yalitokea wapi?

Chukueni ribiti kwenye bamba la chuma. Maji yanaingia chini ya kichwa chake, yanatuama, kisha yanateremka. Basi mchirizi wa kutu unaanzia chini ya ribiti, hauizunguki kama taji. Una upana wa pikseli moja, juu umekolea, unafifia kadiri unavyoshuka, pikseli nne au tano unakwisha. Ribiti ya jirani yake ipe mchirizi wa pikseli mbili. Ya tatu usiipe kitu. Ukizipa zote michirizi ya urefu mmoja, umechora pindo la pazia.

Na kutu ikishaota inakuwa kubwa kuliko chuma ilichokila. Inachukua nafasi zaidi. Ndiyo maana rangi iliyopakwa juu yake inavimba na kubanduka. Kwetu sisi hiyo ni zawadi. Mahali rangi ilipobanduka pana ukingo, na ukingo unashika mwanga: pikseli moja angavu upande unaotazama mwanga, pikseli moja ya giza upande wa pili, na katikati kutu. Kwa pikseli tatu mtazamaji ameamini kwamba rangi ina unene. Hamhitaji zaidi ya hapo.

Mbao nazo zina simulizi yake. Kwa nini ubao wa nje unageuka kijivu? Jua. Mionzi ya urujuanimno inavunja lignini, ile gundi inayoshika nyuzi za mti, kisha mvua inaisafisha na kuacha nyuzi tupu za kijivu. Kwa hiyo mlango wa mbao uliokaa nje hauna rangi moja. Juu, chini ya kipaa cha paa, bado una ukahawia wake, kwa kuwa jua na mvua havikufika. Katikati ni kijivu. Chini kabisa, ambako maji ya mvua yanaruka kutoka ardhini, ni giza, na pengine pana ule ukijani unaoota penye unyevu. Na kando ya komeo? Hapo pamelainika, pana mng'ao, kwa sababu mikono imepasugua miaka na miaka. Mmeona? Uchakavu mwingine unang'arisha! Mpini wa nyundo, ngazi iliyokanyagwa, ukingo wa meza: vitu hivi huzeeka kwa kung'aa. Anayedhani kuzeesha maana yake ni kutia giza tu amesoma nusu ya ukurasa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu sisi mambo ni kinyume: mvua ilishanyesha, mawingu yamekwenda zake, na kazi yetu ni kuchora dalili zilizobaki.

Sasa, tukishajua kutu inakaa wapi, tuichore kwa nguvu kiasi gani?

Kijana mmoja niliyekuwa nikimwelekeza aliniletea kasha la mbao. Kazi ya mkono ilikuwa nzuri, lazima niseme. Kila ubao ulikuwa na nyufa nyeusi tii, na kila ufa ulikuwa na ukingo mweupe. Misumari ilikuwa nyeusi na nyeupe. Vyuma vya kona vilikuwa vyeusi na vyeupe. Lakini mchezaji alitakiwa aone kwamba kasha limefungwa, atafute ufunguo, na waliojaribu mchezo walikuwa wakilibonyeza kasha bila kuelewa kwa nini halifunguki. Kufuli lilikuwepo! Lilikuwa katikati kabisa, mbele ya macho yao. Hawakuliona.

Kijana akapendekeza tulikuze kufuli. Akapendekeza tulipake nyekundu. Nikamwambia tusiliguse. Tulichukua nyufa zote, ile nyeusi tii tukaibadilisha ikawa kahawia iliyoizidi rangi ya ubao kwa giza daraja moja tu. Ile nyeupe ya kingo tukaifanya iizidi rangi ya ubao kwa mwanga daraja moja tu. Misumari mitatu tuliifuta kabisa. Basi kufuli likajitokeza lenyewe kama mtu aliyesimama baada ya wote kuketi. Hatukugusa hata pikseli moja ya kufuli.

Kontrasti, yaani tofauti kati ya giza na mwanga, ni akiba, wapendwa. Unayo kidogo, na ukiitumia ovyo kwenye tumbo la kitu, siku ya kuihitaji mfuko mtupu. Jicho hukimbilia kwanza pale giza kuu linapogusana na mwanga mkuu. Je, unataka likimbilie ufa wa kumi na nne?

Wala jambo hili si jipya. Paris palikuwa na karakana ya kifalme ya kufuma mazulia ya ukutani, Gobelins, na mwaka 1824 aliteuliwa mkemia Michel Eugène Chevreul kusimamia utiaji rangi wa nyuzi zake. Yakamfikia malalamiko: nyuzi nyeusi ni dhaifu, zikifumwa kando ya buluu na zambarau zinaonekana zimefifia. Bosi mwingine angemfokea fundi wa rangi. Chevreul alizichunguza nyuzi, akakuta hazina kosa. Kosa lilikuwa kwa majirani zake. Rangi haionekani peke yake; inaonekana kwa kulinganishwa na iliyo kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya hilo. Tena mzee huyu aliishi miaka 102, kwa hiyo mtu asiniambie kazi ya kutazama rangi inachosha mwili.

Sasa niambieni, zulia lililofumwa ni nini kama si gridi, safu za vijiraba? Kila uzi ni pikseli. Wafumaji wale walikuwa mababu zetu katika fani.

Na somo lao linaokoa paleti, yaani ile seti ya rangi unazojiruhusu kutumia. Weka kijivu cha kawaida, kisicho na buluu hata chembe, katikati ya kutu ya rangi ya chungwa. Kitaonekana cha ubaridi, kama chuma kilichokwanguliwa upya. Chukua kijivu hichohicho ukiweke katikati ya buluu, kitaonekana kimepata joto. Rangi moja, kazi mbili. Waliochorea mashine za zamani walilijua hili kwa lazima. Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo ya mwaka 1983, iliruhusu rangi tatu tu kwa kila paleti ya kitu kinachotembea, ya nne ikiwa uwazi. Game Boy, ile ya mkononi ya mwaka 1989, ilikuwa na ngazi nne za mwanga, skrini nzima, kuanzia mbingu hadi jiwe. Kwa ngazi nne walichora magofu yakaonekana magofu! Sisi tuna mamilioni ya rangi, na ndoo zetu zinapata surua.

Kipimo cha kontrasti mnakijua, ila hamkitumii: ondoa rangi, tazama picha kwa kijivu tupu. Lakini iondoeni kwa njia sahihi, maana jicho halizipi rangi uzito sawa. Katika hesabu inayotumika kwenye skrini nyingi, kijani kinabeba kama asilimia 72 ya mwangaza, nyekundu 21, buluu 7 tu. Kwa hiyo kutu ya chungwa na kijivu cha chuma, ambazo mbele yako zinapigana, huenda zikawa na mwangaza uleule. Ukiondoa rangi, doa lako la kutu limetoweka. Na wapo wachezaji wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwao doa lile halikuwahi kuwepo. Sogeza mwangaza kwanza, rangi baadaye. Mimi huacha dirisha la pili wazi muda wote likionyesha kijivu, na saizi halisi, bila kukuza. Mkikuza mara nane mnachora kwa ajili yenu wenyewe.

Nije kwenye nyufa na mibonyeo, na hapa naomba mnivumilie, ni sehemu ninayoipenda.

Kuna picha za mwezi zinazowachanganya watu. Unaona mashimo, yale yaliyochimbwa na vimondo. Geuza picha juu chini, na ghafla mashimo yamekuwa vichuguu! Hakuna kilichobadilika kwenye picha. Kilichobadilika ni upande wa kivuli. Ubongo wetu huchukulia kwamba mwanga unatoka juu, kwa sababu jua liko juu. Kivuli kikiwa upande wa juu wa duara na mwanga upande wa chini, ubongo unasema: shimo. Vikibadilishana nafasi, unasema: kivimbe.

Kwa hiyo mbonyeo kwenye ngao unahitaji pikseli ngapi? Mwanga ukitoka juu kushoto, weka pikseli mbili za giza juu kushoto kwa mbonyeo, pikseli mbili za mwanga chini kulia. Basi. Geuza mpangilio, na mbonyeo umekuwa chunusi. Nimeona ngao zenye mibonyeo na chunusi kwa pamoja, kwa sababu mchoraji alinakili alama moja, akaigeuza kama kioo ili aokoe muda, akasahau kwamba mwanga haukugeuka nayo. Nimeziona. Nyingine nilizichora mimi.

Ufa nao ni hivyohivyo. Ufa uliochorwa kwa mstari mweusi peke yake ni unywele ulioangukia jiwe. Wengi hukosea hapa, tena wengi kweli. Ufa una kuta mbili: ukuta mmoja unatazama mwanga, mwingine umeupa mgongo. Weka mstari wa giza, kisha upande wa mbali na mwanga, chini yake au kulia kwake, weka pikseli angavu. Lakini usiziweke kote! Ukiufuata ufa wote kwa mstari wa mwanga umechora mfereji uliojengwa kwa vipimo. Weka pikseli ya mwanga mahali ufa unapopinda, au kipande kilipomeguka, kisha acha. Na ufa wenyewe uanze mnene pale jiwe lilipopigwa au kwenye ukingo, upungue unavyoingia ndani, ufikie daraja moja tu la giza kabla ya kufa. Ukiwa na kigae, yaani kipande cha picha kinachorudiwa kujenga ukuta au sakafu, cha pikseli 16 kwa 16, ufa mmoja wenye matawi mawili unatosha. Nyufa tatu ni kifusi.

Kutokana na hilo hilo, acheni kivuli cha mto. Mnakijua: mtu anatia giza kingo zote za kitu na kuacha mwanga katikati, kitu kinavimba kama mto wa kulalia. Kwenye kitu kipya ni kosa. Kwenye kitu kikuukuu ni kosa mara mbili, maana kingo ndizo zilizosuguliwa na ndizo zinazopaswa kushika mwanga.

Kuhusu rangi zenyewe. Mnajua Sanamu ya Uhuru kule New York? Iliposimikwa mwaka 1886 haikuwa ya kijani. Ilikuwa na rangi ya shaba, kahawia yenye wekundu, kama sarafu mpya. Hewa, unyevu na chumvi ya bahari viliifanyia kazi kwa miongo kadhaa. Kwanza ikapoteza mng'ao, ikawa kahawia nzito, ndipo ule ukijani ukaifunika. Na ule ukijani haukuwa uharibifu. Ni ngozi inayoilinda shaba iliyo chini.

Ninaisimulia kwa sababu wanafunzi wakitaka kuzeesha shaba huchukua rangi ya shaba, wakaongeza nyeusi kwenye kivuli na nyeupe kwenye mwanga. Wanapata shaba iliyopakwa matope. Wakati haupiti kwa kuongeza nyeusi. Unapita kwa kubadilisha aina ya rangi yenyewe. Shaba yako iwe kijani kwenye mabonde, ambako mvua ilituama, na ibaki kahawia kwenye migongo, ambako iliguswa. Sasa una hadithi.

Ngazi ya kutu, yaani rangi zake zikipangwa kutoka giza hadi mwanga, nayo isiwe chungwa na vivuli vyake tu. Anzia chini na kahawia ya giza inayoelekea zambarau, panda kwenye nyekundu iliyochoka, kisha chungwa, na juu kabisa udongo wa njano uliopauka. Ukolevu mkubwa uwe katikati ya ngazi. Kwenye giza na kwenye mwanga upungue. Rangi nne zinatosha, na ile zambarau ya giza itumieni pia kama kivuli cha mbao zenu na mawe yenu. Vitu vilivyokaa pamoja kwenye mvua moja vikigawana giza moja, picha inashikamana.

Mengine nitayapitia haraka, muda umekwenda.

Mikanda: ukipanga ngazi za rangi zikafuatana sambamba, kila mstari umeukumbatia mwenzake, jicho litaona mipaka hiyo imekolea kuliko ilivyo. Mwanafizikia Ernst Mach alilieleza hilo mwaka 1865, na hakuwahi kuona pikseli. Vunjeni ufuatano, mkanda mmoja uwe mpana, mwingine ukatike.

Ditha, yaani kuchanganya rangi mbili kwa nukta za kupishana: kwenye televisheni za zamani nukta zilitawanyika zikaonekana rangi moja laini. Skrini za leo zinaonyesha kila nukta ilivyo. Kwa hiyo leo ditha haizalishi rangi ya tatu, inazalisha ukwaru, yaani uso usio laini. Itumieni pale mnapotaka ukwaru: jiwe lililoliwa na upepo, chuma kilichochimbika. Kwenye glasi, hapana. Kwenye ngozi ya mtu, hapana kabisa.

Pikseli yatima, ile iliyosimama peke yake bila jamaa wa rangi yake karibu: kila moja iulizwe inafanya nini hapo. Isipojibu ifutwe. Mwanga mdogo kwenye kichwa cha msumari unajibu. Nyingi hazijibu.

Mstari wa nje nao si lazima uwe mweusi pande zote. Upande wa mwanga ukateni, au upeni rangi ya kitu chenyewe ikiwa imekolea. Ukingo uliomeguka ingieni ndani pikseli moja. Kitu kikuukuu kinajulikana kwa umbo lake hata kikijazwa nyeusi tupu. Mkijaza nyeusi mkaona umbo la kitu kipya, rudini mkauvunje mstari kabla ya kugusa kutu.

Mtu mmoja hapa mbele ameniuliza kabla sijapanda jukwaani: nitajuaje kwamba nimezidisha? Nilimjibu nilivyofanya kwa ndoo ya pili, niliyoichora baada ya ile ya surua. Nilipoimaliza nilifuta alama moja ya uchakavu, nikaitazama. Bado ilikuwa kuukuu. Nikafuta nyingine. Bado kuukuu. Nilifuta saba. Ya nane nilipoifuta, ndoo ikawa mpya. Nikairudisha, nikahifadhi faili, nikaenda kulala. Ilibaki na kutu kwenye sikio moja, mchirizi mmoja, ukingo wa chini uliotafunwa, na mbonyeo. Rangi saba zote pamoja.

Haya, fungueni kompyuta zenu. Ndoo, 32 kwa 32, rangi nane zisizidi, mwanga kutoka juu kushoto. Nitapita kila meza. Na nikifika kwako sitauliza umetumia rangi gani ya kutu. Nitakuuliza maji yaliingilia wapi.